Kemistri ya wapenzi katika filamu: yaliyoandikwa, yaliyozuka, na wachumba mnaotaka kuwachukua

"Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana saba wa Morogoro tunaotaka kutengeneza filamu ya mapenzi ya kuchekesha ya dakika arobaini, na fedha tulizonazo zinatosha siku sita za kupiga picha. Tumeitazama sana When Harry Met Sally... ya mwaka 1989. Tumesoma kwamba sentensi yake maarufu kuliko zote haikuwa ya mwandishi, kwamba waigizaji walijibunia maneno mbele ya kamera, na kwamba mwisho wake ulibadilishwa kwa sababu mwongozaji mwenyewe alipata mpenzi. Mwenzetu mmoja anasema basi hakuna haja ya kuandika kila neno: tuandike dondoo za kila sini (yaani kila onyesho), tuchukue wawili ambao ni wachumba kweli ili kemistri, yaani ule mvuto kati ya waigizaji, iwepo, kisha tuwaache waongee. Moyo wangu unasita, lakini sina hoja ya kumjibu. Je, anasema kweli? Na wachumba hao tuwachukue au tuwaache?"

Marahaba. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza ni la kicheko: je, maneno yanayochekesha huandikwa, au huzuka tu? La pili ni la mapenzi: je, mvuto tunaouona kati ya waigizaji wawili ni kitu wanachokuja nacho kutoka nyumbani, au hutengenezwa kazini? Mwenzenu amekusanya habari ambazo karibu zote ni za kweli, kisha akatoa hitimisho ambalo habari hizo hazilibebi. Ndiyo maana unashindwa kumjibu: ukizikanusha habari utakuwa umekosea, na ukilikubali hitimisho utaiumiza filamu yenu. Kinachohitajika ni kuitazama kila habari na kuuliza ilitokea lini, yaani katika hatua gani ya utengenezaji wa filamu ile.

Filamu hiyo ilitoka Julai 1989, lakini mazungumzo yaliyoizaa yalianza mwaka 1984, pale mwongozaji Rob Reiner na mtayarishaji Andy Scheinman walipokutana na mwandishi Nora Ephron kwa chakula cha mchana katika mkahawa wa Russian Tea Room, jijini New York. Reiner alikuja na wazo la filamu, na Ephron akalikataa. Katika mikutano iliyofuata kilichobaki mezani kilikuwa maongezi tu. Reiner, ambaye ndoa yake na Penny Marshall ilivunjika mwaka 1981, alieleza jinsi mwanamume aliyerudi kwenye useja anavyoishi, anavyotafuta mwenzi na anavyoshindwa, na Scheinman akaongeza ya kwake. Ephron alikuwa mwandishi wa habari kabla hajawa mwandishi wa filamu, na aliwahoji wanaume wale wawili kwa ustadi wa kazi yake ya awali, akiwaacha waseme mambo ambayo kwa kawaida wanaume huambiana wao kwa wao. Hatimaye Reiner alileta wazo jingine: watu wawili wanakuwa marafiki, wanaamua kutolala pamoja kwa kuwa wanajua urafiki utaharibika, kisha wanalala pamoja.

Kwa hiyo Harry alichongwa kutokana na Reiner, pamoja na kiza chake na mazoea yake ya kuwaza mabaya hata siku njema. Sally alichongwa kutokana na Ephron mwenyewe, na ile tabia ya kuagiza chakula kwa masharti kumi, mchuzi uwekwe kando, hiki kipashwe moto na kile kisipashwe, ilikuwa tabia ya Ephron mezani. Maneno mnayoyasikia katika filamu ile na kudhani kwamba watu wanajiongelea tu yalikuwa kweli yameongelewa, lakini yaliongelewa miaka kadhaa kabla, na watu wengine, kisha yakaandikwa, yakapunguzwa, yakapangwa upya katika muswada mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo mwenzenu anapoteleza. Amesikia sauti ya maongezi akadhani hakukuwa na kalamu.

Billy Crystal, aliyemwigiza Harry, alipoingia, aliingia akiwa rafiki wa karibu wa Reiner, mtu aliyeushuhudia upweke wa rafiki yake baada ya talaka. Hakuwa chaguo pekee lililowahi kufikiriwa, kwani Albert Brooks alifuatwa akakataa, jambo ambalo ni vema mlikumbuke kila mtakaposikia mtu akisema kwamba jozi fulani ya waigizaji ilipangwa na mbingu. Crystal alileta vichekesho vyake, akamfanya Harry awe mcheshi zaidi ya alivyokuwa katika miswada ya mwanzo, na mchango huo uliingizwa katika muswada. Mwigizaji kuchangia maneno wakati wa kuandika au wakati wa mazoezi ni jambo moja. Mwigizaji kufika mbele ya kamera bila kujua atasema nini ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuje kwenye ile sini ya mkahawani, ambayo ndiyo msingi wa hoja ya mwenzenu. Inatokea katika Katz's Delicatessen, mkahawa uliopo hadi leo katika mtaa wa Houston, New York. Harry anajigamba kwamba wanawake aliokuwa nao wote waliridhika, Sally anamwambia kwamba mwanamke anaweza kuigiza kuridhika na mwanamume asijue, Harry anakataa katakata, na Sally anamthibitishia papo hapo, kwa sauti, mbele ya wateja wote. Akimaliza anarudia chakula chake kwa utulivu, na mama mmoja mzee katika meza ya jirani anamwambia mhudumu kwamba naye aletewe kile alichokula yule dada.

Tazama jinsi sini hiyo ilivyojengeka. Mada aliileta Ephron, kwa sababu katika mazungumzo yao wanaume walikuwa wamefichua mengi na ikaonekana ni haki wanawake nao wafichue siri moja. Reiner hakuisadiki mpaka alipowauliza wanawake waliokuwa wakifanya kazi ofisini kwao. Mwanzoni yalikuwa maneno tu. Meg Ryan, aliyemwigiza Sally, ndiye aliyependekeza kwamba Sally asiishie kueleza bali atende, na atende mahali penye watu. Crystal ndiye aliyependekeza sentensi ya yule mama. Reiner akampa nafasi hiyo mama yake mzazi, Estelle Reiner, na siku ya kupiga picha, Ryan alipokuwa bado anasita, Reiner akakaa mwenyewe kitini akamwonyesha kiwango cha kelele anachokitaka, huku mama yake akitazama. Watu wanne walichangia sini moja, na sentensi ambayo mwaka 2005 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliiweka katika orodha yake ya nukuu mia moja za filamu ilikuwa inajulikana kabla kamera haijawashwa. Ni kweli haikutoka kichwani mwa Ephron, lakini si kweli kwamba ilizuka.

Tena jiulize kwa nini inachekesha, maana yenyewe, ikitolewa pale, ni sentensi ya kawaida ya mtu mwenye njaa. Inachekesha kwa sababu Harry amejigamba kwanza, kwa sababu Sally tumeshamjua kuwa mtu nadhifu na mwenye haya kidogo, kwa sababu mkahawa mzima umenyamaza, na kwa sababu anayesema ni mtu asiyeujua ubishi wenyewe, kwa hiyo ametafsiri vibaya alichokiona. Ondoa kimoja kati ya hivyo na kicheko kinapungua nusu. Mpangilio huo ndio kazi ya mwandishi, na mpangilio hauzuki kwa kuwaacha watu waongee.

Ipo sini ambayo kweli ilibuniwa papo kwa papo, na ningependa muitazame tena kwa makini, kwa sababu inafundisha kuliko ile maarufu. Harry na Sally wako katika jumba la makumbusho la Metropolitan, na Harry anaanza kuzungumza kwa lafudhi ya ajabu, akimtaka Sally arudie maneno baada yake. Crystal aliibuni hapo hapo. Ryan hakuwa na habari, na kuna mahali utamwona anacheka na kutupa jicho pembeni ya kamera, alikokuwa mwongozaji, kana kwamba anauliza kama waendelee. Reiner hakukata, na jicho lile limo katika filamu mpaka leo.

Lakini ifuate sini hiyo mpaka mwisho wake. Baada ya mchezo wote wa lafudhi, Harry, bado kwa sauti ile ya utani, anamwalika Sally waende sinema jioni hiyo. Sally anaacha utani, anarudi kwenye sauti yake, anamwambia kwamba ana miadi na mtu mwingine. Hapo uso wa Harry unabadilika kidogo tu, na mtazamaji anafahamu jambo ambalo Harry mwenyewe hajalifahamu. Sini ilikuwa na kazi, nayo ni kumwonyesha mwanamume anayejificha nyuma ya kichekesho siku kichekesho kinapomwishia. Crystal alikuwa huru kutembea njia yoyote kwa sababu alijua anakokwenda. Mwigizaji asiyejua sini inaishia wapi huongea mpaka achoke, na wote tumeziona filamu ambazo watu wawili wanazunguka sebuleni dakika tano wakiulizana "Kwani wewe una shida gani?"

Upande wa pili kuna sini ya simu, usiku ule Harry na Sally wamelala pamoja na asubuhi kila mmoja anampigia rafiki yake. Marafiki hao, Jess na Marie, walioigizwa na Bruno Kirby na Carrie Fisher, wako kitanda kimoja katikati ya picha, kila mmoja na simu yake, huku Harry akiwa upande mmoja na Sally upande wa pili. Seti tatu zilijengwa na waigizaji wote wanne wakaigiza kwa wakati mmoja, wakisikilizana kweli, kwa hiyo yeyote akikosea nukta moja wote walirudia tangu mwanzo. Walirudia mara nyingi sana. Sini ya namna hiyo haiwezi kubuniwa papo kwa papo hata na mabingwa, kwa sababu neno la huyu ndilo linalojibu neno la yule ambaye, katika hadithi, hamsikii. Filamu moja ina sini zote mbili, na mwongozaji alijua ipi aifungue na ipi aifunge. Kama mwenzenu anataka kumwiga Reiner, aige uamuzi huo.

Kuhusu mwisho. Ni kweli kwamba Reiner na Ephron walikusudia Harry na Sally waachane, kila mtu ashike njia yake, na ni kweli kwamba wakati wa kutengeneza filamu hiyo Reiner alikutana na mpiga picha Michele Singer, akatambulishwa kwake na Barry Sonnenfeld aliyekuwa mkuu wa kamera, na wakaoana mwaka 1989. Kisa hicho ni kitamu na hakuna anayekisimulia bila kutabasamu. Lakini mwisho huo mpya haukuning'inizwa hewani. Harry anakimbia usiku wa kuamkia Mwaka Mpya kwa sababu usiku kama huo mwaka uliotangulia tuliwaona wakicheza dansi na wote wawili wakashtuka. Anapomwambia Sally anachompendea, anataja kwamba huchukua saa moja na nusu kuagiza sandwichi, na sisi tunacheka kwa sababu tangu safari yao ya kwanza ya gari kutoka Chicago mwaka 1977 tumemwona akiagiza hivyo. Kasoro iliyomkera Harry mwanzoni ndiyo anayoiungama mwishoni. Na katikati ya filamu yote tumekuwa tukikatiziwa na wazee wanandoa walioketi kwenye sofa wakisimulia walivyokutana, visa ambavyo asili yake ni vya watu wa kweli ingawa wanaovisimulia ni waigizaji. Harry na Sally wanapoketi kwenye sofa lile wakibishana kuhusu keki ya nazi ya harusi yao, sofa lilikuwa likiwangoja. Mwongozaji anaweza kubadili mwisho akipenda, ilimradi mambo aliyoyapanda huko nyuma yanauruhusu.

Na msidhani kwamba Hollywood hubadili mwisho kwa sababu za moyo peke yake. Katika My Best Friend's Wedding ya mwaka 1997, mwisho wa awali ulimkutanisha Julia Roberts na mwanamume mpya, watazamaji wa majaribio hawakuupenda, na ukapigwa mwisho mwingine ambamo Rupert Everett, rafiki yake mwaminifu, anarudi kumchukua wakacheze. Hakuna ndoa wala mpenzi mpya, na ni mwisho bora. Hilo lilijulikana kwa kuwaonyesha watu wasioifahamu filamu na kutazama nyuso zao.

Sasa kemistri. Crystal alikuwa amemwoa mkewe Janice tangu mwaka 1970. Ryan alikuwa na uhusiano na Dennis Quaid, ambaye baadaye walioana. Hakuna kati yao aliyekuwa akimpenda mwenzake kwa namna ile tunayoiona kwenye skrini, na bado kwa zaidi ya miaka thelathini watu wamekuwa wakiwataja kama mfano. Ukirudi nyuma zaidi utaikuta It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyoongozwa na Frank Capra. Clark Gable, mwigizaji mkuu wa kiume, aliletwa kwa kuazimwa kutoka studio ya MGM kwenda Columbia, ambayo siku hizo ilikuwa studio ndogo. Claudette Colbert, mwenzake wa kike, alikubali baada ya kudai dola 50,000 na sharti kwamba kazi iishe ndani ya wiki nne ili aende likizo, na alipomaliza aliwaambia marafiki zake kwamba ametoka kutengeneza filamu mbaya kuliko zote duniani. Filamu hiyo ikatwaa Oscar zote tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na muswada.

Mfano unaonivutia zaidi ni Sleepless in Seattle ya mwaka 1993, aliyoiongoza Ephron huyo huyo. Meg Ryan na Tom Hanks wanasifiwa kwa mvuto wao katika filamu hiyo, ilhali muda ambao wako pamoja kwenye picha ni kama dakika mbili tu. Muda mwingine wote mmoja yuko Seattle na mwenzake Baltimore. Mvuto huo ulitengenezwa na muswada uliowafanya wafanane kabla hawajakutana, na mhariri aliyekata kutoka uso wa huyu kwenda uso wa yule mpaka akili yetu ikawaunganisha yenyewe.

Kwa maoni yangu, baada ya kukaa na miswada ya vijana kwa miaka mingi, kile tunachokiita kemistri kina sehemu tatu, na mapenzi ya kweli si mojawapo. Ya kwanza ni kusikiliza. Mtazame Ryan wakati Crystal anaongea: karibu kila kichekesho cha Harry kinakamilishwa na uso wa Sally, na Reiner anatuonyesha uso huo. Ya pili ni tofauti ya mwendo. Harry husema haraka, huingilia, hushambulia. Sally hupanga, hurekebisha, hukasirika kwa adabu. Wangekuwa na mwendo mmoja tungesinzia. Ya tatu ni kizuizi, yaani jambo linalowafanya wasiweze kupata wanachokitaka. Katika filamu nyingi kizuizi ni wazazi, fedha, au mchumba mwingine. Katika hii kizuizi ni urafiki wao wenyewe, kitu wasichotaka kukipoteza, na ndiyo maana inauma.

Hapo tunawafikia wachumba wenu, na nitakuwa mkweli kwa pande zote mbili. Wana faida. Hawatahitaji siku mbili za kuondoa haya, watapatikana kwa mazoezi jioni yoyote, na kushikana mikono kwao hakutaonekana kama kushika nguzo ya umeme. Kwa kikundi chenye siku sita hayo si madogo. Lakini filamu ya mapenzi husimulia umbali unaopungua, na wao wameshaumaliza. Watu waliozoeana husimama karibu, hukamilishiana sentensi, huacha kutazamana kwa sababu hakuna kipya cha kutafuta, na kamera huliona hilo upesi. Itawabidi waigize ugeni, jambo ambalo kwa wachumba ni gumu kuliko kwa wageni kuigiza uchumba. Kuna na upande wa kazi: ugomvi wa nyumbani huja kwenye seti asubuhi, mwongozaji akimsahihisha mmoja mwenzake hununa, na wakiachana siku ya nne hamna filamu.

Kwa hiyo usimjibu mwenzenu kwa "hapana." Mjibu kwa jaribio. Hollywood hupima jozi kabla ya kusaini mikataba: mwigizaji mmoja husomeshwa sini ile ile na wenzake kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Nanyi chukueni kurasa mbili za muswada wenu, sini ya ubishi na wala si ya kukiri mapenzi, muwasomeshe wachumba hao pamoja, kisha kila mmoja wao na mtu mwingine asiyemzoea. Rekodini kwa simu. Mara ya kwanza tazameni bila sauti, muone ni nani anayemtazama mwenzake wakati si zamu yake kusema. Mara ya pili sikilizeni bila picha, muone ni jozi gani ambayo sauti zake hazifanani mwendo. Jozi itakayoshinda pande zote mbili ndiyo ya kuchukua, hata kama ni wachumba, na hata kama ni watu ambao hawajawahi kunywa chai pamoja.

Upande wa kuandika mna njia tatu. Dondoo peke yake, kama anavyotaka mwenzenu, zina uhai na huokoa muda wa kuandika, lakini deni lake hulipwa kwenye uhariri: maneno yakibadilika kila mnaporudia sini, picha ya karibu haitaungana na picha ya mbali, na mhariri atalazimika kutumia kipande kimoja kirefu, kibovu na kizuri pamoja. Muswada uliofungwa neno kwa neno hulinda vichekesho na ratiba, lakini ukiwa mikononi mwa waigizaji wachanga unaweza kusikika kama risala ya mgeni rasmi. Njia ninayoipendekeza ni ya tatu, na ndiyo iliyo karibu na ile ya Ephron na wenzake. Andikeni dondoo. Waiteni waigizaji, waacheni wabuni kwa saa mbili, rekodini kila kitu. Kisha mmoja wenu, na awe mmoja tu, akae na rekodi hizo aandike muswada kamili, akichukua sentensi zilizo hai na kutupa nyingine zote. Sini ya kwanza na ya mwisho zifungeni kabisa. Siku ya kupiga picha pateni kwanza iliyoandikwa, iwe safi, na ndipo muwape waigizaji nafasi moja ya bure. Mkipata jicho la pembeni kama lile la Ryan, mshukuru. Msipopata, filamu yenu ipo.

Na kabla ya hapo, waulizeni watu. Ephron hakubuni wanaume, aliwahoji. Morogoro ina wanandoa wazee wengi ambao walikutana kituo cha treni, shambani, kanisani au msikitini, na watawasimulia kwa furaha mkiomba ruhusa na kubadilisha majina. Msiihamishe New York kuileta Msamvu. Reiner alitumia dola zipatazo milioni 16, na mitaa ya New York wakati wa vuli ya huko, majani yanapogeuka rangi, ilimpa uzuri ambao ninyi hamtaupata; lakini watu wawili wanaobishana mezani hawahitaji fedha hizo, na filamu ile, ukiipima, kwa sehemu kubwa ni watu wawili wanaobishana mezani.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Muswada ukikamilika, usomeni kwa sauti mbele ya watu kumi wasiowafahamu vizuri, na kama hakuna anayecheka kabla ya ukurasa wa tano, tafuteni mtu mzoefu akae nanyi ana kwa ana kabla hamjatumia hata shilingi moja. Walimu wa sanaa za maonyesho wapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wengi hawakatai kijana anayekuja na kurasa mkononi. Mtafuteni pia mhariri kabla ya kupiga picha, si baada, aangalie orodha yenu ya picha na kuwaambia itakayopungua. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombeni mapema, na wimbo wa msanii yeyote msiutumie bila ruhusa ya maandishi, hata kama ni rafiki yenu.

Kama kuna sini ya kubusiana au ya chumbani, semeni na waigizaji kabla ya siku yenyewe, mkubaliane kwa maandishi nini kitaonekana na nini hakitaonekana, na siku hiyo abaki tu anayehitajika. Studio kubwa za Marekani siku hizi huajiri mratibu maalumu kwa sini hizo. Ninyi hamna fedha hizo, lakini mnaweza kumteua dada mmoja anayeheshimiwa ambaye mwigizaji anaweza kumwambia "hapana" na kazi ikasimama bila maswali. Uchumba wao haumwondolei yeyote haki hiyo.

Na mkiwachukua wachumba, kila mmoja asaini mkataba wake peke yake, wenye kipengele kinachosema atamaliza siku zote sita na kazi ya kurekodi sauti baadaye, uchumba uwepo au usiwepo. Mpelekeeni mwanasheria rasimu hiyo aisome kabla hawajatia saini, na mwambieni mapema kipengele hicho ni cha nini, ili asidhani mnamtania.